Mficha Maradhi: Upele wa Kondoo na Siku Tuliyotibu Nyumba Zote

Mwezi huu sisi waalimu wa kujitolea hatuandiki juu ya mitihani. Tunaandika juu ya kondoo. Musicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, mtaona kwamba kondoo na ada ya shule ni watoto wa tumbo moja.

ILIANZIA DARASANI

Jambo hili tuliligundua darasani, si malishoni. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua inanyesha karibu kila siku. Tuliona watoto watatu wa darasa la tano wanajikuna mikono na tumbo, kuandika hawaandiki. Wenzao walianza kuwakimbia. Mwisho wakabaki watatu peke yao kwenye benchi la nyuma, na sisi tukakosa la kusema.

Tulifikiri ni ule upele wa watu, unaoambukizana familia nzima ikilala mkeka mmoja. Tukawapeleka kituo cha afya. Mganga akawaangalia katikati ya vidole, akaangalia viwiko na kiuno, halafu akauliza swali ambalo hatukulitegemea.

"Nyumbani munafuga nini?"

Wote watatu wakajibu, "Kondoo."

"Na wanalala wapi?"

Wakanyamaza. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ndani, pamoja na sisi."

Tusiwalaumu. Kila mtu hapa anajua sababu. Mnyama akilala nje, asubuhi unakuta kamba tu. Na tangu mwaka 2023, familia zilipogawanywa katika makundi matatu ya msaada wa chakula na wengi wakapunguziwa, kondoo mmoja au mbuzi wawili ndiyo benki ya nyumba. Benki hailazwi nje.

Jioni ile tuliwafuata watoto nyumbani. Katika nyumba ya kwanza tulimkuta kondoo jike amefungwa nyuma ya pazia. Nywele zimenyonyoka kuzunguka mdomo na macho. Masikio yamejaa magamba magumu kama ganda la mti. Ngozi ya shingo imekunjamana na kuwa nene. Alikuwa anajisugua kwenye nguzo mpaka damu inatoka. Mwanakondoo wake alikuwa analia njaa, kwa sababu kila akisogeza mdomo kwenye chuchu, mama yake anaruka na kuondoka.

"Karibuni, waalimu," mama mwenye nyumba akatuambia. "Huyo musimuangalie sana. Alichubuka kwenye miiba."

Hatukubishana naye. Tulikaa, tukapewa maji. Baada ya muda akaanza kulia mwenyewe. Alikuwa na kondoo majike wawili. Binti yake mkubwa alikuwa ametoka kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mmoja wa wale kondoo ndiye angeuzwa mwezi wa Januari aingie S1.

"Waalimu, munisamehe," akasema. "Majirani wakijua watanikataza malisho. Watasema nyumba yangu ndiyo inaleta ugonjwa."

Tukatoka pale tukaenda nyumba ya pili. Huko nako kondoo mgonjwa amefichwa nyuma ya magunia. Nyumba ya tatu vilevile. Kumbe kila nyumba inaficha ya kwake, na kila nyumba inadhani iko peke yake! Mpaka giza linaingia tulikuwa tumehesabu nyumba sita, na zote sita zilikuwa zimeazima dume mmoja kwa ajili ya kupandisha majike yao. Dume huyo ni wa mzee mmoja tunayemheshimu sana hapa kijijini, ambaye humuazimisha kwa mkebe wa maharage tu. Mzee naye alikuwa anajua. Usiku alikuwa anampaka dume wake oili chafu ya gari, kwa siri.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Tulikisikia hicho kilio katika nyumba sita, usiku mmoja.

UPELE HUU NI KITU GANI?

Siku ya pili tulimtafuta dokta wa mifugo. Haya ndiyo aliyotufundisha, na tunayaandika kwa lugha yetu ya kila siku.

Upele wa kondoo na mbuzi hauletwi na uchawi, wala na laana, wala na kula majani mabaya. Unaletwa na utitiri, yaani kidudu kidogo sana, chini ya nusu milimita. Kwa macho tu humuoni. Jike la utitiri huyu huchimba njia ndani ya ngozi kama fuko anavyochimba shamba, na humo hutaga mayai kila siku. Baada ya siku tatu hadi tano mayai huanguliwa. Tangu yai mpaka utitiri mkubwa wa kutaga tena huchukua kama wiki mbili au tatu. Hesabu hiyo muishike vizuri, tutairudia.

Mnyama huwashwa, hujikuna, hujisugua, hujiuma. Ngozi hutoa maji, maji hukauka yakawa magamba, nywele huanguka. Kwa kondoo wetu hawa wenye nywele fupi na mkia wa mafuta, kawaida huanzia usoni: mdomo, pua, macho na masikio. Baadaye hushuka shingoni, miguuni na tumboni. Mnyama anayejikuna mchana kutwa hali vizuri. Hukonda. Jike hakubali kunyonyesha. Mtoto wake anaweza kufa kwa njaa, na mkubwa naye anaweza kufa kama hakutibiwa.

Unaambukizaje? Zaidi ni ngozi kugusa ngozi. Wanyama wakilala wamebanana, wakipandana, mtoto akinyonya, utitiri anahama. Lakini pia anaweza kubaki kwenye nguzo wanayojisugua, kwenye kamba, na kwenye majani ya kulalia. Bila mnyama haishi sana, mara nyingi siku chache tu. Ila mahali penye baridi na unyevu, kama banda wakati wa mvua, anaweza kumaliza hata zaidi ya wiki mbili. Basi ukiazima kamba ya jirani, angalia unaazima na nini.

Kitu kingine alichotuambia dokta kilitushangaza. Mnyama anaweza kuwa na utitiri na bado ukamuona mzima kabisa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kutenga wale wanaojikuna peke yao hakutoshi.

USICHANGANYE NA MAGONJWA MENGINE

Si kila kidonda cha kondoo ni upele huu. Tunaomba muangalie tofauti hizi.

Vidonda vya mdomo vya wanakondoo. Huu unaletwa na virusi. Magamba huota kwenye midomo, na wakati mwingine kwenye chuchu za mama. Kawaida hupona wenyewe baada ya wiki tatu au nne, kama mtoto anasaidiwa kula. Lakini huambukiza mikono ya watu, hivyo usimshike kwa mikono yenye michubuko, na ukimaliza nawa kwa sabuni.

Ndui ya kondoo. Hapa mnyama ana homa, macho na pua vinatoka maji, na vinundu vinaota hasa sehemu zisizo na nywele, kama chini ya mkia na makwapani. Ndui inaua na inasambaa upesi. Ukiona dalili hizi usimhamishe mnyama. Mwambie mwenyekiti wa kijiji na dokta wa mifugo siku hiyohiyo.

Upele wa kondoo wa sufu. Huu unaletwa na utitiri wa aina nyingine, ambaye hachimbi ndani bali hukaa juu ya ngozi chini ya manyoya. Ndio unaosumbua sana nchi za kondoo wa sufu nyingi. Australia iliumaliza mwaka 1896. Uingereza iliumaliza mwaka 1952, wakakaa miaka zaidi ya ishirini bila kuuona, halafu mwaka 1973 ukarudi. Ukishaingia tena, kuutoa ni kazi. Nchi yenye madaktari wengi na sheria kali imerudiwa na ugonjwa, sembuse sisi tunaonunua kondoo sokoni na kumwingiza zizini jioni ileile?

MKUTANO CHINI YA MTI

Tulimwomba mwenyekiti wa kijiji aite mkutano. Watu wakaja, na maneno yakawa makali. Mmoja akasema wote wagonjwa wachinjwe, eti samaki mmoja akioza wameoza wote. Mwingine akasema sita hao watafute malisho yao upande mwingine. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo mzee mwenye dume akasimama. Alivua kofia.

"Wanangu," akasema, "dume ni wangu. Niliona tangu mwezi wa tisa. Niliona haya, nikaogopa mtaniletea kesi. Kama ni kuchinja, muanze na wangu."

Hakuna aliyejibu haraka. Halafu mama mwingine, ambaye hata hatukumfikiria, akasema, "Hata kwangu yupo. Anajikuna." Baba mmoja naye akainua mkono. Kabla ya mkutano tulijua nyumba sita. Kabla jua halijazama zilikuwa kumi na moja, katika nyumba kumi na nne zinazotumia malisho yale.

Dokta wa mifugo akasema jambo moja tulilolishika. Alisema hivi: leo mkitibu nyumba sita na kuacha nane, mwezi ujao mtanunua dawa tena. Na mkiwafukuza hawa sita, kesho wa saba ataficha vizuri zaidi. Basi tukakubaliana mambo matatu. Hakuna nyumba itakayofukuzwa malishoni kwa sababu ya kusema ukweli. Wanyama wote watatibiwa siku moja, mgonjwa na mzima. Na watatibiwa mara mbili.

HESABU ILIYOTUSAIDIA

Hapo ndipo kazi yetu ya ualimu ilipopata maana. Watu waliogopa bei. Kweli, kwa nyumba moja chupa ya dawa ni ghali. Lakini tazameni hesabu hii, ambayo watoto wa darasa la tano waliifanya ubaoni.

Dawa aliyochagua dokta ni ya sindano, inaitwa aivamektini, ya nguvu ya asilimia moja. Kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50 za mnyama. Kondoo wa kilo 25 anahitaji nusu mililita tu. Chupa ya mililita 50 ina nusu mililita mia moja. Yaani chupa moja inatosha kondoo 50 wa uzito huo, kila mmoja mara mbili. Sisi katika nyumba kumi na nne tulikuwa na kondoo na mbuzi 41. Chupa moja! Nyumba ambayo peke yake ingekosa chupa, ilichanga kidogo kulingana na idadi ya wanyama wake, na mwenye dume akalipia nyumba mbili ambazo hazikuwa na kitu.

Kwa nini tulisisitiza kupima kilo? Dawa ikiwa ndogo, utitiri wenye nguvu hubaki hai na kuzaliana. Ikiwa nyingi, unamdhuru mnyama na unapoteza pesa. Tuliazima mizani ya kuning'iniza ya mfanyabiashara wa maharage. Tukatoboa gunia matundu manne ya miguu, mnyama akawekwa ndani, akaning'inizwa. Watoto wakasoma namba, wakatoa uzito wa gunia, wakaandika. Mmoja wa wale watatu wa benchi la nyuma ndiye alikuwa mwandishi wetu. Siku ile hakuna aliyemkimbia.

Kwa nini mara mbili? Rudini kwenye hesabu ya mayai. Dawa huua utitiri wanaotembea na kuchimba, lakini haiui mayai. Sindano ya kwanza ikishapita, mayai yanaanguliwa, na wapya wanaanza. Baada ya siku 14 sindano ya pili inawakuta hao wapya kabla hawajataga vya kutosha. Ukiacha ya pili, ya kwanza umeitupa.

Na hapa ndipo tulipopata shida kubwa kuliko zote. Siku ya pili ya sindano, nyumba nne hazikuja. "Mwalimu, si wamepona? Nywele zinaota." Ni kweli walionekana wamepona. Tuliwatuma wanafunzi na kalenda waliyochora wenyewe, wakaenda mlango kwa mlango kueleza habari ya mayai. Nyumba tatu zikaleta. Ya nne ilikuwa imeshamuuza kondoo wake sokoni wiki ile, bila kumwambia mnunuzi. Kondoo huyo aliishia zizi la nani, hatujui. Hilo linatuuma mpaka leo. Mtu yule alinunua kondoo na hakujua amenunua na nini kingine.

MAMBO YA KUEPUKA

Oili chafu ya gari. Wengi wetu tumeona wazee wakiitumia. Inachoma ngozi, mnyama akijilamba anakula sumu, na utitiri walio ndani ya ngozi wanabaki. Dume wa mzee alikuwa na vidonda viwili: vya upele na vya oili.

Dawa ya kupe ya kunyunyizia. Baadhi ya hizi zinafanya kazi juu ya upele zikitumika sawasawa, lakini lazima magamba yaloweshwe na kusuguliwa kwanza kwa maji na sabuni, dawa ifike kwenye ngozi, na irudiwe kama dokta atakavyosema. Soma kipimo kwenye chupa. Vaa mikono mirefu, usinyunyize upepo ukikujia. Na tafadhali, pampu na jerikani visioshwe ziwani. Dawa hizi ni sumu kwa samaki, na ziwa letu ndilo linalotupa maji na kitoweo.

Kuchoma sindano mwenyewe. Sindano ya upele huingia chini ya ngozi, si kwenye nyama wala kwenye mshipa. Sindano chafu inayopita kwa wanyama kumi inaacha majipu kumi. Mwache dokta au aliyefundishwa afanye.

Kuchinja mapema. Baada ya dawa kuna siku ambazo nyama na maziwa haviruhusiwi. Siku hizo hutofautiana kwa kila dawa na zimeandikwa kwenye chupa. Kwa nyama ya kondoo zinaweza kuwa wiki kadhaa. Kama kuna harusi au msiba, chinjeni mwingine.

Kunywa dawa ya mnyama. Tunasema hili kwa sababu tumesikia maneno. Ni kweli dawa hiyo ina ndugu yake ya watu, vidonge vinavyogawiwa Uganda na kwetu Kongo dhidi ya upofu wa mtoni. Asili yake ni bakteria waliopatikana kwenye udongo wa Japani, na watafiti wawili, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini chupa ya kondoo imepimwa kwa kondoo. Usimpe mtoto wala usijipe mwenyewe.

NA WATOTO WETU JE?

Wazazi wengi waliuliza: kondoo anaweza kumpa mtu upele? Jibu la mganga lilikuwa hili. Utitiri wa kondoo akimpanda mtu humuuma na kumuwasha, hasa mikononi, tumboni na mapajani, mahali anapomshikia mnyama. Lakini kwa mtu hawezi kuendeleza kizazi chake. Mnyama akitibiwa na asipolala tena na watu, muwasho huisha wenyewe.

Upele wa watu ni mwingine. Huo unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, hupenda katikati ya vidole, viwiko, kiuno na sehemu za siri, na huwasha zaidi usiku. Mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla hajaanza kuwashwa, na wakati huo tayari anaambukiza wengine. Mmoja wa watoto wetu watatu alikuwa na huo pia. Familia yake yote ilipewa dawa ya kupaka siku moja, hata wale ambao hawakujikuna. Nguo na mashuka yakafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Vile visivyofulika, kama blanketi nzito, vikafungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku tatu na zaidi.

Mnaona ni somo lilelile? Siku moja, wote, hata asiyejikuna. Na si jambo la aibu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele wa watu kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ni ugonjwa wa kubanana, si wa uchafu wa moyo wa mtu.

TUZUIE KABLA HAUJARUDI

Tangu siku ile, kijiji chetu kinafuata taratibu hizi. Mnaweza kuzichukua kama zilivyo.

1. Mnyama mpya hakai na wengine kwa wiki nne. Hata akiwa zawadi, hata akitoka kwa shemeji. Ana kamba yake na mahali pake. Mwonyesheni dokta.

2. Dume wa kuazima anaangaliwa uso, masikio na miguu mbele ya watu wawili kabla ya kuingia zizi lingine. Jike naye vilevile.

3. Wanyama wana banda lao. Tulitatua habari ya wizi kwa kujenga mabanda matatu makubwa ya nguzo na turubai karibu na nyumba, na vijana wanapokezana kulinda. Sakafu imeinuliwa kwa mbao, samadi na mkojo vinaanguka chini, hewa inapita. Wasibanane.

4. Wakati wa kutibu, majani ya kulalia yote yanatolewa na kuchomwa, na nguzo zinasuguliwa. Banda la zamani linaachwa tupu kwa wiki tatu, jua liingie. Kamba zinachemshwa.

5. Kabla ya kuuza au kuhamisha, tunamwambia mnunuzi kama mnyama yuko kwenye dawa, na tunaomba kibali cha kuhamisha kwa dokta wa mifugo. Wilaya yetu ya Isingiro imefungiwa masoko mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa midomo na miguu, kwa hiyo kila mmoja anajua hasara ya kuhamisha kwa siri.

6. Mnyama anashibishwa. Aliyekonda upele humshika zaidi. Maganda ya viazi na ndizi yasitupwe.

7. Mwanafunzi akiona mnyama anajikuna, anamwambia mwalimu au mwenyekiti. Hapigwi wala kuchekwa.

WALIOPONA NA ALIYEKUFA

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilimalizika vizuri. Yule mwanakondoo wa nyumba ya kwanza alikufa siku ya tisa. Alikuwa amedhoofika mno kabla hatujafika, na maziwa ya mbuzi wa jirani hayakumwokoa. Mama yake na yule jike wa pili walipona. Kufika mwezi wa pili ngozi ilikuwa imelainika na nywele zimerudi, ila walikuwa wamekonda. Mama hakuweza kuuza mwezi wa Januari kama alivyopanga. Aliuza mmoja mwezi wa Machi, akampeleka binti yake S1 akiwa amechelewa majuma machache. Wa pili bado yuko, na ana mimba.

Mzee naye bado anaazimisha dume wake, kwa mkebe uleule wa maharage. Lakini sasa mwenye jike akifika, mzee mwenyewe huleta dume nje juani, hugeuza masikio yake moja baada ya jingine na kusema, "Angalia vizuri, mwanangu. Usinihurumie."

Ndugu wasomaji, jioni ya leo mkimaliza kusoma, chukueni taa mkawaangalie wanyama wenu masikio na midomo. Ukiona kitu, usisubiri giza liingie ili umpake oili. Vuka njia, umwambie jirani. Inawezekana naye ana wake nyuma ya pazia.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI

1. Kwa nini sindano moja haitoshi?

2. Mbuzi wako ana kilo 20. Anahitaji mililita ngapi za dawa ya asilimia moja?

3. Jirani akikuambia mnyama wake anaumwa, utamjibu nini ili kesho na mwingine asiogope kusema?

Jibu la swali la pili ni mililita 0.4. La tatu kila nyumba ina jibu lake.